Nyumba Yenye Moshi

Hapa kwetu Lamadoira mtu haulizwi alizaliwa wapi. Unaweza kuzaliwa hapa, ukabatizwa hapa, babu zako wote wakalala nyuma ya kanisa, na bado ukitia neno kuhusu mlima utaambiwa unyamaze. Mlima wa Coto Raso si wa serikali na si wa mtu. Ni wetu kwa pamoja tangu zamani za kale, na sheria yake ni fupi: kila nyumba iliyo wazi na inayotoa moshi, mwaka mzima bila kukatika, ina kura moja. Ukihamia Barcelona, ukafunga mlango na moto ukazimika, kura yako imekwenda nao. Ukirudi ukawasha, unaanza kuhesabu mwaka upya. Kura hainunuliwi, haiuzwi, hairithiwi. Mjomba wangu mmoja alirudi kutoka Ajentina na meno ya dhahabu, akapitisha kiangazi kizima akikoka moto wa kuni huku jasho linamchuruzika, ili tu hesabu yake isikatike.

Mimi ndiye mwandishi wa baraza la mlima. Nimeshika kitabu miaka kumi na tisa, si kwa kupenda, ila kwa kuwa wanaume wa hapa mwandiko wao ni wa kuku aliyekanyaga wino. Jina langu Obdulia, mjane wa Camilo, na nikisema jambo huwa nalisema lote. Kwa hiyo nitasema na yale yasiyonipendeza mimi mwenyewe.

Majira ya baridi ya kisa hiki nyumba zenye moshi zilikuwa ishirini, na zilikuwa zimegawanyika katikati kama mkate. Kumi zilitaka kuukodisha mlima kwa kampuni moja ya karatasi, miaka thelathini, wapande mikaratusi kuanzia mtoni hadi kileleni. Kumi zilitaka mpango wa Aldara. Tulikuwa tumepiga kura mara mbili, na mara mbili tukatoka sare. Kampuni ilitupa mpaka mwisho wa Februari, na mwenyekiti wetu Xenaro, mwenye baa, alikuwa ameshatangaza kwamba ikitoka sare mara ya tatu atatumia kura yake ya uenyekiti kuwapa kampuni, ili apate kulala.

Aldara ni mchumi. Alikuja kutoka Vigo mwezi wa Januari mwaka uliotangulia pamoja na mumewe Breixo, fundi wa kompyuta, kijana mrefu anayeinama hata kwenye milango isiyohitaji kuinamiwa. Walinunua nyumba ya Fonte, mkabala na ya shemeji yangu Delmiro. Wiki ya kwanza tu Aldara akaanza kupita mlango kwa mlango na daftari. Mkate mnanunua wapi? Paa likivuja mnamwita nani? Asali hii ya nani? Tulidhani ni mtu wa kodi. Kumbe alikuwa anafuatilia safari ya pesa. Siku moja akatukusanya shuleni, ile shule isiyokuwa na watoto tena, akatuchorea ubaoni: katika kila euro mia zinazoingia Lamadoira, ambazo nyingi ni pensheni zetu, themanini na saba zimeshaondoka kabla ya Jumatatu jioni. Zimekwenda mjini kununua nyama, ilhali sisi tuna malisho, na kununua kuni, ilhali sisi tuna msitu.

"Hamna umaskini," alisema. "Mna ndoo iliyotoboka."

Mpango wake ulikuwa wa kuiziba. Ng'ombe wadogo wa asili ya kwetu wale vichaka vya mlimani, moto wa kiangazi usipate njia. Michestinati, miti ya njugu za kuchoma na kusaga, kwenye miteremko ya chini, mizinga ya nyuki juu, kinu cha zamani kifufuliwe kisage chestinati kuwa unga, na kazi yote ifanywe na watu wa hapa na wale ambao wangerudi wakisikia kuna kazi. Breixo aliwavika ng'ombe kumi na mmoja kola zenye mitambo, kwa majaribio. Unachora mstari kwenye simu, na ng'ombe akiukaribia kola inamwimbia. Akijifanya hasikii, inamfinya. Hakuna waya, hakuna nguzo. Ilikwenda vizuri kabisa isipokuwa Jumanne moja, Breixo alipochora mstari akalipitiliza kanisa, na ng'ombe sita wakala kabichi zote za padre huku kola zimenyamaza kwa adabu.

"Kifaa kizuri hicho," alisema Delmiro akitazama kola. "Kuna watu wa hapa ningewavika."

Delmiro ni kaka wa marehemu mume wangu, shemeji yangu basi, na tumetaniana miaka arobaini na sita. Ana miaka themanini na miwili. Ndiye aliyeongoza upande wa kampuni, tena si kwa ujinga. Maneno yake yalikuwa haya haya kila mara: "Mkaratusi haukuombi maji wala mgongo. Unaupanda, unaondoka, unarudi umekua. Mchestinati unataka mtu wa kuungoja miaka kumi na tano. Hapa nani anayo miaka kumi na tano? Wewe, shemeji?"

"Mimi ninayo ishirini," nilimjibu. "Kumi ya kwangu na kumi ya kukukomoa wewe."

Watu walicheka, lakini kura zilibaki kumi kwa kumi. Na hapo ndipo kila mtu akaanza kuhesabu siku. Mwishoni mwa Januari Aldara na Breixo wangetimiza mwaka. Nyumba yao ingeandikwa kitabuni, ya ishirini na moja, na kura yake ilijulikana itaangukia wapi. Mlima ungebaki mlima.

Kuandikwa kwenyewe hakupigiwi kura. Mwandishi anasimama barazani, anasoma jina, anauliza nani ana pingamizi. Kama hakuna, anaandika. Wiki moja kabla ya mkutano Delmiro aliweka kikombe chake chini katika baa ya Xenaro akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba yeye analo.

"Sheria inasema moshi," alisema. "Mimi nakaa mkabala nao. Mwaka mzima sijauona hata wa kuwashia sigara."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba hii Aldara alijifunga mwenyewe. Mwezi wake wa kwanza tu aliiziba dohani. Aliishindilia sufu ya kondoo kutoka juu hadi chini, akaweka paneli za sola juu ya zizi na pampu ya joto ukutani, na nyumba ile ya mawe, ambayo mama mwenye nyumba wa zamani alikuwa akilala na soksi tatu, ikawa na joto la mkate uliotoka tanurini. Walikuja watu hata kutoka Chuo Kikuu kuitazama. Aldara aliwatembeza akisema, kwa fahari, nyumba hii haitoi hata chembe ya moshi. Delmiro alikuwa dirishani kwake, anasikia.

Sheria Aldara alikuwa ameisoma. Mimi mwenyewe nilimpa kitabu. "Nilidhani ni maneno ya kizamani tu," aliniambia, uso umempauka. "Kama vile watu wanavyoandika kwenye barua kwamba wanakubusu mikono."

"Mwanangu, hapa tukiandika moshi, huwa ni moshi."

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo, nieleze habari ya vipimajoto.

Miaka miwili kabla Bi Remedios alianguka jikoni kwake akalala sakafuni siku mbili bila mtu kujua. Alipona, ana miaka tisini na mmoja na anatukana kama zamani, lakini tulitishika. Breixo aliposikia kisa hicho akatengeneza kidude cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, kinachobandikwa ndani ya dohani. Kidude hakijui kitu ila joto na baridi. Ikifika saa nne asubuhi na dohani ya mzee bado ni baridi, simu ya jirani mmoja aliyechaguliwa na mzee mwenyewe inalia, naye anakwenda kubisha hodi. Basi. Wazee kumi na wanne walikubali, baada ya Aldara kuahidi mbele ya wote kwamba habari ya dohani ya mtu haitatumika kwa jambo lingine lolote. Ahadi hiyo niliiandika kitabuni kwa mkono wangu.

Delmiro alikubali kwa shingo upande. Jirani aliyemchagua ni mimi.

Siku nne baada ya sikukuu ya San Martiño ya Novemba, tulipokwisha kuchoma chestinati na vichwa vikaacha kuuma, simu yangu ililia saa nne. Nilivuka njia nikikimbia, moyo mdomoni.

"Shemeji, umekufa?" niliuliza mlangoni.

"Bado. Ungechelewa kidogo ungenikuta tayari."

Alikuwa ameketi jikoni na koti na bereti, hita ndogo ya umeme katikati ya miguu, anakula dagaa wa kopo na mkate baridi. Jiko la kuni lilikuwa safi kama la dukani.

"Kifaa cha yule kijana kimeharibika," alisema. "Betri hiyo."

Kesho yake simu ililia tena, na kesho kutwa. Nikamwita Breixo. Alipanda juu, akashuka na masizi puani, akaninong'oneza, "Kifaa kizima, Bi Obdulia. Ni dohani ndiyo baridi."

Ndipo nikaenda kutazama kuni zake chini ya ghala. Zilikuwa zimepangwa vizuri tangu Septemba, na buibui alikuwa ametandaza utando kuanzia gogo la kwanza hadi la mwisho bila kukatizwa na mkono wa mtu. Nikakumbuka kwamba tangu mavuno ya zabibu Delmiro alikuwa akishuka ngazi upande upande kama kaa. Mgongo ulikuwa umemwishia, na hakuwa amemwambia mtu. Nilimtuma Breixo ajitolee kumbebea, akafukuzwa. "Siku nitakayobebewa kuni," alimwambia, "nitakuwa ndani ya sanduku, na utanibeba pamoja nazo."

Nilitaka niende nimseme. Aldara akanizuia.

"Wewe ungependa kusemwa?" aliniuliza.

Breixo akarudi kwa Delmiro akamwambia kweli ilikuwa betri. Akaweka kidude cha pili kwenye swichi ya taa ya jikoni, kingoje taa badala ya moto, akisema ni cha akiba. Tangu siku ile simu yangu iliacha kulia. Mimi nikaanza kukosea vipimo vya supu.

"Shemeji, nimepika kupita kiasi tena."

"Miaka sitini uko jikoni hujajua kipimo?"

"Camilo alikuwa anakula kwa watu watatu. Mkono umezoea."

Aliipokea sufuria. Kama yeye alijua kwamba mimi najua, hilo sikuwa na hakika nalo.

Basi, ile wiki ya pingamizi mimi nilikaa nikimenya viazi na hesabu ikajipiga yenyewe kichwani. Delmiro anataka moshi? Vema. Na yeye hana moshi tangu San Martiño. Kwa sheria ile ile, nyumba yake ifutwe. Zikibaki kumi na tisa, ni kumi kwa tisa, na mlima umepona, tena bila hata kuihitaji kura ya Aldara. Ilikuwa imenyooka sana hesabu hiyo. Jumamosi baada ya chakula cha mchana nikaenda nyumba ya Fonte.

"Kuna jambo wewe unalijua na mimi nalijua," nilianza.

"Hapana, Bi Obdulia," alisema Aldara.

"Hapana nini? Sijamaliza."

"Naona unakokwenda."

"Anakutupa nje ya mlima kwa moshi ambao yeye mwenyewe hana. Msomee siku zake hadharani."

"Walituruhusu tupande juu ya mapaa yao kwa sababu tuliahidi. Nikiisoma dohani yake kesho, Jumatatu wote watang'oa vifaa. Bi Remedios akianguka tena, nani atajua?"

"Na mlima je?"

"Mlima nitautafutia njia nyingine."

"Ipi?"

Aldara aliuangalia mpango wake uliokuwa mezani, kurasa mia na arobaini, mwaka mzima wa maisha yake, na macho yakamjaa maji. Breixo, aliyekuwa anaosha vyombo, alijaribu kutusaidia.

"Tunaweza kumwalika askofu aje kufukiza ubani jikoni."

"Sheria inasema mwaka, mpenzi," Aldara alimwambia.

"Aje na begi basi."

Sikucheka. Nilikuwa na hasira. Nilimwambia kwamba mtu anayeogopa kuchafua mikono asije kulima, na kwamba shule zote zile zimemfunza kujumlisha lakini hazikumfunza kupigana. Nikaondoka bila kuaga. Nyumbani nikafungua simu, nikazikuta zile ishara tatu za Novemba, nikazinakili kwenye karatasi pamoja na habari ya buibui. Nikaikunja nikaitia mfuko wa koti. Ndiyo, mimi niliyeiandika ahadi kitabuni. Nilisema nitasema yote.

Jumapili baada ya misa tulijaa shuleni. Ilikuwa mvua ya kuudhi, ile isiyonyesha wala kuacha. Xenaro aligonga meza na kizibuo. Nikasimama, nikasoma: nyumba ya Fonte, Aldara Souto na mumewe Breixo, mwaka mmoja na siku ishirini na tano. Nani ana pingamizi?

Delmiro alinyanyuka kwa kuushika mgongo wa kiti cha mbele. Ilimchukua muda, na mimi peke yangu, pengine na wale wawili, ndio tuliojua kwa nini.

"Sina ugomvi na hawa vijana," alisema. "Ni watu wa adabu. Lakini sheria ni sheria. Mwandishi asome inasemaje."

Nikaisoma. Nyumba iliyo wazi na inayotoa moshi.

"Kuwa wazi iko wazi, sikatai, mlango haufungwi, watu wanaingia kama sokoni. Moshi nani ameuona? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Upande wa kampuni wakaanza kutikisa vichwa kwa huruma ya watu walioshinda. Hapo Manuela, mke wa mfuga nyuki, mtu wa upande wetu asiyejua kitu, akasimama na wazo lake.

"Tunabishania nini wakati mashine zipo?" alisema. "Dohani zetu zina vipimo. Breixo alete simu hapa tusomewe moto wa kila nyumba, tuone nani kweli anatoa moshi na nani anapiga domo."

"Naam," wakasema wengi. "Zisomwe."

Nilimtazama Delmiro. Rangi ilimtoka usoni kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, karatasi iko kwenye vidole, na naungama kwamba nilifurahi. Sikuwa nimeitoa mimi. Mashine ingesema, na mikono yangu ingebaki safi.

Aldara akasimama.

"Hazitasomwa," alisema.

"Ni zetu," alisema Manuela.

"Ndiyo, kila mtu na yake. Vile vipimo ni vya kujua kama mtu ameamka salama, basi. Ndivyo tulivyoahidi na ndivyo ilivyoandikwa humo. Leo haitasomwa dohani ya mtu yeyote."

Xenaro alimkazia macho. "Binti, unaelewa mambo yalivyo? Bila vipimo, pingamizi limesimama. Hamwandikwi. Ni sare, na mimi natoa kura yangu, na kampuni inaleta matrekta Jumatano."

"Naelewa."

"Hata hivyo?"

"Hata hivyo."

Akaketi. Nilikuwa karibu naye, nikamwona ameikalia mikono yake. Breixo alimwekea mkono begani, na safari hii hakuwa na mzaha. Mimi niliiachia ile karatasi mfukoni kana kwamba imeniunguza. Msichana wa miaka thelathini na minne alikuwa amenikumbusha mwandiko wangu mwenyewe, na niliona haya.

Delmiro alikuwa bado amesimama. Alivua bereti, akaizungusha mikononi mara moja, mara mbili, kama mtu anayetafuta upande wake wa mbele uko wapi. Akamgeukia Aldara.

"Wewe ulijua," alisema.

Aldara aliinamisha kichwa, naye akanigeukia mimi.

"Na wewe, shemeji. Supu ile yote."

"Mimi nakosea vipimo," nilisema.

"Unakosea vipimo," alirudia. Kisha akawageukia watu. "Mnataka kujua nani hana moshi? Mimi. Tangu San Martiño sijawasha. Siwezi kubeba kuni, mgongo umekataa. Nimekaa na hita ya umeme kama mfanyakazi wa benki. Kama ni kufuta, Obdulia, anza na mimi."

Delmiro tuliyemjua alibeba jiwe la kusagia kutoka mtoni peke yake, enzi za ujana wake, kwa kubishana tu. Sasa amesimama mbele ya watu wa nyumba ishirini anasema hawezi kubeba gogo. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Xenaro alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole, nikaona midomo yake inavyokwenda: akifutwa Delmiro, kumi kwa tisa. Delmiro naye alikuwa ameshaihesabu. Si mjinga shemeji yangu, na alijua alichokuwa anakitupa.

"Basi tufute nyumba mbili?" aliuliza Xenaro, amechanganyikiwa.

"Mfute nini, wapumbavu nyie?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Remedios kutoka kona ya jiko la shule. "Moshi mlikuwa mnautakia nini? Mlikuwa mnakula moshi? Ilikuwa ni kujua kama ndani kuna mtu. Huyu hapa mtu. Na yule pale mtu. Mnataka nini tena, mniache nikanywe kahawa yangu?"

Watu walianza kucheka, kwanza kidogo, halafu wote, na kile kicheko kilikuwa cha kushusha pumzi. Mimi nilichukua kalamu kabla hakijaisha. Miaka kumi na tisa ya uandishi imenifunza jambo moja: andika wakati watu wanacheka.

"Mwandishi ana neno," nilisema. "Hivi ndivyo ninavyoandika. Nyumba ya Cruceiro, Delmiro Outeiral, yupo. Nyumba ya Fonte, Aldara na Breixo, wapo. Mwenye pingamizi asimame."

Wote walimtazama Delmiro, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa amesimama.

"Nasimama kwa sababu kuketi kunaniuma," alisema. "Pingamizi nimeliondoa. Andika."

Nikaandika majina matatu, na naapa sijawahi kuandika vizuri vile.

Kura tukaipiga hapo hapo, kwa mikono. Kumi na moja wakaunga mkono mpango. Kumi wakapinga, na mkono wa kwanza kwenda juu kupinga ulikuwa wa Delmiro, umenyooka kabisa. Alipoona namtazama akaongeza na kidole kimoja cha mkono wa pili, kunikomoa.

Aldara alilia, kisha akacheka, kisha akafanya vyote pamoja. Breixo aliruka akagonga kichwa kwenye boriti, mara hii kwa haki. Nilikwenda nikamkumbatia yule msichana nikamwambia yale maneno ya jana niliyasema kwa ujinga, na asinizoee kwa kuomba radhi, maana huwa nafanya hivyo mara moja kila miaka kumi. Alinibusu mashavu yote mawili. Manuela akafungua jibini, Xenaro akaleta mvinyo na mkate, akasema yeye kwa kweli amefurahi kwa kuwa hakulazimika kuamua. Hata wale kumi walikula. Ukishindwa Lamadoira unashindwa, lakini jibini ni jibini.

Nilimtafuta Delmiro nimpe kikombe. Nilimkuta mbele ya ramani kubwa ya mlima ambayo Breixo alikuwa ameibandika ubaoni, pua karibu iguse karatasi. Aldara alikuwa amesimama kando yake, macho bado mekundu.

"Hapa umeandika nini?" Delmiro alimuuliza, akigonga kwa fimbo.

"Michestinati, Mzee Delmiro. Miche mia mbili ya kwanza."

"Hapo maji yanatuama mpaka Mei. Mizizi itaoza kabla hujajua jina lake. Nani alikuonyesha hapo?"

"Setilaiti," alisema Breixo.

"Mwambie setilaiti avae buti aje Machi."

Alinyoosha mkono bila kugeuka, na Aldara akampa penseli. Akachora mstari mrefu wa kutetemeka, juu zaidi, ukipita chini ya jabali la Pena Furada, halafu akazungusha mviringo mahali ambapo mimi nimepita maisha yangu yote bila kujua kuna udongo mzuri.

"Shemeji," nilimwambia, "si umepinga wewe?"

"Nimepinga, na kesho nitapinga tena," alisema akiendelea kuchora. "Sikusema mkishinda mpande vibaya."

Aldara alichukua ufutio, akaufuta mstari wake mwenyewe, akamsogezea kiti.